Nani Ameshika Mizani? Kongo na Kanuni za Biashara ya Dunia tangu 1885



Kila tunapoketi nanyi baada ya Misa kuzungumzia mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Nchi yetu ina shaba, kobalti, dhahabu, koltani, mbao na kahawa. Mali hizo zinauzwa katika kila pembe ya dunia. Mbona anayezichimba na anayezilima habaki na kitu? Baadhi yenu hujibu papo hapo kwamba kanuni za biashara ya dunia zilitungwa na wenye nguvu ili kutunyang'anya, na kwamba hatuna la kutumainia kutoka kwao. Wengine, hasa waliosoma uchumi, hujibu upesi vilevile kwamba kanuni ndizo zinazomlinda mnyonge, kwa kuwa pasipo sheria mwenye nguvu hufanya apendavyo. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanairuka historia. Na nchi yetu ina sababu ya pekee ya kuiuliza historia, kwa maana mipaka ya Kongo haikutangulia mkataba wa biashara: ilizaliwa pamoja nao.

Nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliopunguza kipimo, wakaongeza bei na kutumia mizani ya udanganyifu ili kuwanunua maskini. Tukimsoma kwa makini katika sura ya nane, tunaona kwamba hakulilaani soko. Alimlaani aliyeiharibu mizani. Mama zetu wanaouza maharage wanalijua jambo hili kuliko wataalamu wengi. Kopo la kupimia likigongwa kitako mpaka kikaingia ndani, kopo linabaki na jina lake, linabaki na urefu wake, na anayelitazama kwa nje hasemi neno. Ila mnunuzi anafika nyumbani na chakula pungufu. Basi tutaichukua safari hii ya miaka zaidi ya 100 tukiwa na maswali mawili tu: nani alishika kopo, na nani aliruhusiwa kulipindua akatazama kitako chake?

Mkataba uliofunguliwa kwa jina la Mungu

Tarehe 15 Novemba 1884 wajumbe wa mataifa 14 walikusanyika Berlin, katika makao ya Bismarck, kansela wa Ujerumani. Walikaa hadi tarehe 26 Februari 1885. Kati yao hakuwemo hata Mwafrika mmoja. Tumezoea kusikia kwamba watu wale walikaa kuligawa bara letu kwa rula. Lakini anayeisoma Hati Kuu waliyoitia sahihi siku ya mwisho atashangaa kuona kwamba sehemu yake kubwa ni kanuni za biashara na za usafiri wa mito. Tena hati hiyo inaanza kwa kulitaja jina la Mungu Mwenyezi.

Kifungu cha 1 kilisema kwamba biashara ya mataifa yote itakuwa huru kabisa katika bonde la Kongo, na bonde lenyewe likachorwa kwa upana hata likafika Bahari ya Hindi. Kifungu cha 4 kilikataza ushuru juu ya bidhaa zinazoingia, kwa muda wa miaka 20 kabla ya kutazamwa upya. Kifungu cha 5 kilikataza mtu au kampuni yoyote kupewa biashara peke yake. Kifungu cha 6 kiliyafunga mataifa yote kuwalinda wenyeji, kuboresha hali yao ya maisha na kupiga vita utumwa. Tukiyasoma maneno hayo leo, tunaweza kudhani kwamba yaliandikwa na rafiki wa Waafrika.

Sasa tuone yaliyotendeka. Tarehe 1 Julai 1885 utawala mpya wa Mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji ulitangaza kwamba ardhi zote zisizo na mwenyewe ni mali ya Dola. Lakini ardhi iliyoitwa tupu ilikuwa misitu ambamo mababu zetu waliwinda, walichuma, walikata miti na kuzika wafu wao. Kisha tarehe 21 Septemba 1891 amri ya siri iliwaagiza wakuu wa wilaya za juu kuhakikisha kwamba pembe za ndovu na mpira wa msituni vinaingia mikononi mwa Dola. Hapo ndipo kitako cha kopo kilipogongwa. Hakuna aliyefuta kifungu cha 1. Biashara iliendelea kuitwa huru. Ila kila kilichoweza kuuzwa kilikuwa kimekwisha kupewa mwenyewe. Mwanakijiji aliyeleta mpira hakuwa tena muuzaji wa mali yake, bali mtu anayerudisha mali ya Dola, na asipoirudisha huadhibiwa. Kampuni kama ABIR, iliyoundwa mwaka 1892, zikapewa maeneo makubwa pamoja na nguvu ya kuwalazimisha watu. Mijeledi, kutekwa kwa wanawake ili waume wao waende msituni, na mikono iliyokatwa, mambo ambayo mmeyasoma shuleni, yalitokea chini ya mkataba uliotangaza uhuru wa biashara.

Hata mzungu aliyeuamini mkataba ule kupita kiasi alipatikana na msiba. Charles Stokes, mtu wa Ireland aliyewahi kuwa mmisionari kisha akawa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, aliingia kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani mpaka mashariki mwa nchi yetu. Mwezi Januari 1895 Kapteni Lothaire alimshtaki kwa kuwauzia silaha maadui wa Dola, akamhukumu kwa haraka na kumnyonga huko Lindi, katika Ituri. Uingereza na Ujerumani zilipiga kelele, na fidia ikalipwa. Tuipime tofauti hii kwa utulivu: kwa kifo cha mfanyabiashara mmoja wa Ulaya serikali mbili zilisimama, kwa wanakijiji wa msitu wa mpira, ambao kifungu cha 6 kiliwataja waziwazi, hakuna serikali iliyosimama siku ile.

Aliyelipindua kopo alikuwa karani. Edmund Dene Morel, mwajiriwa wa kampuni ya meli iliyohudumu kati ya Antwerpen na Kongo, alizilinganisha hesabu za mizigo. Aliona meli zinafika zimejaa mpira na pembe, na zinarudi zimebeba bunduki na risasi, bila bidhaa za kutosha kulipia mali iliyoletwa. Akafikia neno ambalo kila mwenye akili ya sokoni angelifikia: anayepokea mali bila kulipa hafanyi biashara, anapora. Mwaka 1904 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alitoa ripoti ya mambo aliyoyasikia kutoka vinywani mwa Wakongomani wenyewe. Tukiri pia lililo letu. Wakatoliki wengi wa Ubelgiji walimtetea mfalme, nao wamisionari wengi wakanyamaza. Ila padri mmoja Myezuiti, Arthur Vermeersch, alichapisha kitabu mwaka 1906 akaupima utawala ule kwa kipimo cha maadili ya Kikristo, na kusema kwamba haukubaliki. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ikaondolewa mikononi mwa mfalme na kuwa koloni la Ubelgiji.

Somo la kwanza basi ni hili. Kanuni ya Berlin haikuwa na upungufu wa maneno mema, ilipungukiwa na mtu aliyeumizwa ambaye angeweza kusimama mbele ya baraza akasema, "Kipimo hiki ni pungufu." Hata hivyo, maneno yale mema yalifaa kitu mwishoni, kwa kuwa Morel na wenzake waliyatumia kama ushahidi dhidi ya waliyoyatia sahihi.

Mlango wazi, mkono uliofungwa

Mwaka 1919, katika mkataba wa Saint-Germain-en-Laye, mataifa makubwa yalizirekebisha kanuni za Berlin. Ushuru uliruhusiwa, lakini usawa kati ya wafanyabiashara wa mataifa yaliyotia sahihi ulibaki. Mfanyabiashara kutoka Uingereza, Ureno au Marekani aliweza kuingia Kongo ya Wabelgiji kwa masharti yaleyale ya Mbelgiji. Usawa huo ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa usawa wa wanunuzi. Tangu 1917 mkulima wa pamba alilazimishwa kulima, akapangiwa bei na utawala, wala hakuwa na ruhusa ya kumtafuta mnunuzi mwingine. Wazee wetu walioishi wakati ule walikumbuka pamba kama kazi ya shuruti, sio kama biashara. Tunaliweka wazi jambo hili kwa sababu linarudi katika kila kizazi: watu wawili wanaweza kutendeana kwa haki kabisa huku wa tatu, mwenye jasho lake ndani ya mzigo, akiwa nje ya hesabu.

Maskini waingia barazani

Baada ya vita vya pili vya dunia mataifa yalitunga kanuni mpya za biashara. Mkataba mkuu wa ushuru na biashara, unaojulikana kwa kifupi kama GATT, ulitiwa sahihi na nchi 23 mwaka 1947. Msingi wake ulikuwa kwamba punguzo la ushuru analopewa mmoja wapewe wote. Kwa nchi zenye viwanda ulileta mafanikio makubwa. Lakini nchi zilizopata uhuru miaka ya 1950 na 1960 zilikuta zinauza malighafi kwa bei inayopanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa, na kununua mashine kwa bei inayopanda tu. Mwaka 1964 zilikusanyika Geneva katika mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa juu ya biashara na maendeleo, chini ya katibu wake Raúl Prebisch wa Argentina, mchumi aliyeeleza kwa miaka mingi kwa nini muuza malighafi hubaki nyuma. Mwaka uliofuata GATT ikaongezewa sehemu ya nne, iliyokiri kwamba nchi maskini hazipaswi kudaiwa punguzo sawa na lile la nchi tajiri. Mwaka 1979 ruhusa ya kuzipa nchi hizo ushuru nafuu ikawa ya kudumu.

Katikati ya mjadala huo Kanisa lilisema neno. Tarehe 26 Machi 1967 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alitoa barua *Populorum Progressio*, juu ya maendeleo ya mataifa. Alikumbusha fundisho la Leo wa Kumi na Tatu la mwaka 1891 juu ya mshahara: kwamba mfanyakazi mwenye njaa akikubali malipo duni, kukubali kwake hakuyageuzi malipo hayo kuwa ya haki. Kisha akalipeleka fundisho hilo kati ya mataifa. Biashara huru, alifundisha, inafaa pale ambapo wenye kupatana hawapitani sana kwa nguvu. Pale wanapopitana sana, uhuru peke yake unazaa matokeo yasiyo ya haki. Hakusema tuache kufanya biashara. Alitaka mizani irekebishwe ili mnyonge apate nafasi ya kweli ya kupatana.

Je, mizani hiyo iliwahi kurekebishwa? Ndiyo, na kahawa ni shahidi. Kwa mkataba wa kimataifa wa kahawa wa mwaka 1962, nchi zinazolima na nchi zinazokunywa zilikubaliana kuweka viwango vya mauzo: bei ikishuka, kila mlimaji anapunguza anachopeleka sokoni, na wanunuzi wanasaidia kuhakikisha kwamba hakuna anayepitia mlango wa nyuma. Marekani, mnywaji mkubwa kuliko wote, ilikubali kulipa bei ya juu zaidi kwa kuwa iliogopa kwamba umaskini wa wakulima wa Amerika ya Kusini ungewasukuma kuifuata Kuba. Kwa vipindi vingi katika miaka ile, bei ilishikiliwa. Mwezi Julai 1989, hofu ya ukomunisti ilipokuwa inapungua na wauzaji wenyewe wakigombania viwango, mpango ulisimamishwa. Kufikia 1992 bei ya wastani duniani ilikuwa chini ya nusu ya ile ya 1988. Mashamba mengi ya Kivu na ya Ituri yaliyoachwa kuwa kichaka yana sababu kadhaa, ukiwemo ugonjwa wa mibuni na vita vilivyofuata, lakini anguko lile ni mojawapo.

Tunajifunza mawili hapa. Kanuni ya dunia inaweza kumfaa mkulima wa kijijini. Tena, kanuni iliyosimama juu ya hofu ya tajiri huanguka hofu hiyo inapokwisha.

Makosa yaliyo yetu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumlaumu mgeni. Historia haituruhusu. Mwaka 1967, baada ya migodi ya Union Minière kutwaliwa na Serikali, nchi yetu iliungana na Zambia, Chile na Peru katika jumuiya ya wauza shaba, CIPEC. Mwezi Aprili 1974 bei ya shaba ilifika juu sana. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Nchi nne zilijaribu kupunguza uzalishaji, lakini wachimbaji wengine duniani hawakuwemo, na shaba kuukuu iliyoyeyushwa upya iliendelea kuingia sokoni. Bei haikuitika.

Anguko hilo lilitukuta tayari tumejijeruhi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alikuwa ametangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Wazo la kwamba wananchi wamiliki mali ya nchi yao lilikuwa na haki ndani yake. Lakini waliopewa walikuwa kwanza watu wa karibu na mamlaka. Wengi waliuza bidhaa za rafu wakala fedha, bila kununua nyingine, na mashamba yakakosa wa kuyatunza. Hata mapato ya kahawa katika miaka ya viwango yaliwaneemesha zaidi wenye vibali vya kuuza nje kuliko mwenye jembe. Hapo kopo halikuwa mkononi mwa Berlin. Lilikuwa mkononi mwa ndugu yetu.

Mlango ulipofunguliwa, tulipeleka nini?

Tarehe 28 Februari 1975, mjini Lomé, nchi tisa za Jumuiya ya Ulaya na nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki, Zaire ikiwemo, zilitia sahihi mkataba ulioruhusu karibu bidhaa zetu zote kuingia Ulaya bila ushuru, sisi tusidaiwe kufungua masoko yetu kwa kiasi kilekile. Mfuko uliundwa wa kufidia mapato ya mazao bei zikianguka; mkataba wa pili, wa mwaka 1979, ukaongeza msaada kwa nchi za madini, nasi tukawa miongoni mwa waliouchukua. Mwaka 1995 Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi, na nchi yetu ikawa mwanachama tarehe 1 Januari 1997. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ukaziruhusu nchi maskini kuliko zote, yetu ikihesabiwa humo, kuingiza kila kitu bila ushuru isipokuwa silaha. Anayezikumbuka meli za Morel hatakosa kutafakari kidogo juu ya masharti hayo.

Hizo ni nafasi za kweli. Lakini madini ghafi kwa kawaida hayatozwi ushuru mkubwa katika nchi tajiri, kwa maana viwanda vyao vinayahitaji. Ushuru hupanda kadiri bidhaa inavyotengenezwa: punje mbichi za kahawa huingia Ulaya bure kutoka nchi yoyote, na kahawa iliyokaangwa hutozwa. Kwa hiyo zawadi ya kutotozwa inamfaa anayepeleka kahawa iliyokaangwa, nguo, waya wa shaba. Anayepeleka mawe na punje mbichi amefunguliwa mlango ambao kwake haukuwa umefungwa. Pasipo umeme, barabara, maabara ya kupima ubora na amani ya kujenga kiwanda, haki iliyoandikwa inabaki kama kibali cha kuvua samaki mikononi mwa asiye na wavu.

Hata hivyo, mezani pa Shirika la Biashara Duniani maskini wameshinda pia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dawa za ukimwi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na kanuni za hataza ziliwaogopesha waliotaka kutengeneza dawa za bei nafuu. Mwaka 2001 kampuni moja ya India ilijitolea kuuza mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350. Mwezi Novemba mwaka huohuo, mjini Doha, nchi za Afrika zikishirikiana na Brazili, India na wengine, zilipata tamko kwamba kanuni za hataza zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Wapo watu wanaosali pamoja nasi kila Dominika ambao wako hai kwa sababu ya dawa zilizoshuka bei. Wajumbe wa Afrika walikuwa wameketi mezani, wamezisoma karatasi, na walisema kwa sauti moja.

Sheria iliyotungwa mbali

Kuna kanuni nyingine ambayo wengi wenu mliisikia mkiwa wadogo. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zieleze kama madini ya bati, koltani, wolframu na dhahabu yanayotoka kwetu au kwa majirani zetu yanalisha makundi yenye silaha. Nia ilikuwa njema, na maaskofu wetu pia walikuwa wamelilia kwa miaka mingi damu iliyochanganyika na madini. Mwezi Septemba 2010 Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Baada ya hapo wanunuzi wengi waliogopa kurudi.

Sisi tuliokuwa mbele ya madarasa wakati ule tuliiona sheria hiyo kwa namna yetu. Watu waliiita sheria ya Obama. Watoto wa wachimbaji walianza kukosa shuleni mmoja mmoja, kwa kuwa karo ilitoka machimboni. Tulipowafuata nyumbani, wazazi hawakutuuliza habari za kifungu cha 1502. Walituuliza wale nini. Baadaye mifuko ya madini ilianza kufungwa kwa lebo zenye namba, na sehemu fulani za machimbo zilitoka mikononi mwa wenye bunduki, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini mchimbaji hakuulizwa lolote kabla ya sheria, na gharama za kuthibitisha kwamba jiwe ni safi zilimshukia yeye kwa njia ya bei ndogo zaidi. Hata huruma, isipoketi kwanza na mtu inayetaka kumsaidia, inaweza kumwangusha.

Kopo lililo mikononi mwetu

Tumefika leo. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Mwaka 2025 Serikali ilisimamisha kwa muda uuzaji wake nje, kisha ikaweka viwango, ili bei ipande. Ni wazo lilelile la CIPEC, ila safari hii tuna sehemu kubwa zaidi ya soko. Matokeo yatategemea pia uaminifu wa wanaogawa viwango hivyo. Tangu Julai 2022 tu wanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili chetu ni lugha ya soko.

Lakini tunataka kuwaelekeza kwenye kanuni iliyo karibu zaidi. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kuweka asilimia 10 kwa madini yanayotangazwa kuwa ya kimkakati, kama kobalti. Iligawa pia mrabaha huo: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta au usultani ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Hakuna mkutano wa Berlin uliotuandikia hayo. Yameandikwa Kinshasa, katika sheria yetu. Je, katika kikundi chenu yupo anayejua kama usultani wenu ulipokea asilimia 15, lini, na ilijenga nini?

Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliyaambia mataifa yaondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika, wala wasiifanye kuwa mgodi wa kunyonywa. Tulipiga makofi, na ilistahili. Siku mbili baadaye, katika uwanja wa Mashahidi, aliwaambia vijana wahesabu vidole vya mkono wao, na kidole cha katikati akakiita uaminifu, akawataka waikatae rushwa. Hotuba hizo mbili ni za safari moja. Ya kwanza inamhusu anayekuja kuchukua; ya pili inamhusu anayemfungulia mlango usiku.

Basi tukiulizwa kama kanuni za biashara ya dunia zinatufaa, jibu letu ni kwamba zilitufaa pale ambapo walioumia waliketi mezani wakizijua karatasi, wakiwa na umoja, na nyumbani kwao pakiwa na uaminifu. Mambo hayo yalipokosekana, maneno mazuri yaligeuka kuwa kifuniko. Kazi ya kujua karatasi ni yenu, ninyi mliosoma kuliko sisi. Yezu Kristo alisema kwamba kipimo tunachopimia ndicho tutakachopimiwa. Kila kijana wa parokia anayejifunza kusoma hesabu ya usultani wake, kuuliza kwa heshima na kuuliza tena asipojibiwa, ameanza kulipindua kopo.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika soko letu wenyewe, ni vipimo gani vinavyomwonea mnunuzi au mkulima, nasi tumenyamaza?
2. Kifungu cha 6 cha Berlin kilikuwa chema, kikabaki maneno. Ni kanuni ipi njema katika parokia au mtaa wetu iliyo katika hali hiyo leo?
3. Ni nani atakayekwenda, kwa niaba ya kikundi, kuuliza habari za mrabaha wa madini katika ofisi ya usultani au ya mji, na ni nani atakayemsindikiza?